Tumempa jembe, tumemnyima dawa



Wahenga walituachia maneno kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake tunaifahamu. Mgeni hupokewa, hupewa maji na chakula, hupumzika, na baada ya hapo huwa mtu wa nyumbani, afanyaye kazi kama wenzake na alaye kama wenzake. Juma hili napenda tuzungumze juu ya mgeni anayepewa jembe siku ile ile ya kwanza, na ambaye hata akikaa miaka kumi hahesabiwi kuwa mtu wa nyumbani. Nazungumzia vibarua wasio na hati wanaolima mashamba ya Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko, wilaya zilizomegwa kutoka hizo mbili mwaka 2012.

Wewe unayenisikiliza Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma huenda ukasema kwamba Kasulu ni mbali, na hilo ni la wenyewe. Lakini nenda sokoni ukaulize maharage ya Kigoma, muuzaji atakuonyesha gunia. Kabla ya kuingia katika gunia hilo, maharage yalipandwa, yakapaliliwa, yakang'olewa, yakapigwa fimbo na kupepetwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa mikono, na baadhi ya mikono hiyo ni ya watu waliovuka mpaka kutoka Burundi kwa njia za porini, wakalima kwa kipande, na usiku wakalala katika kibanda cha nyasi pembezoni mwa shamba. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kufika katika sufuria yako.

Hebu tuwafahamu watu hawa, maana si kundi moja.

Wa kwanza ni wa msimu. Hutoka upande wa Ruyigi, Rutana na Makamba. Burundi ni nchi ndogo yenye wakulima wengi, na shamba la baba likigawanywa kwa wana watano, kila mmoja hupata sehemu isiyotosha kulisha watoto wake. Ng'ambo ya mpaka, katika nyanda za juu za Kigoma, ardhi ni kubwa zaidi na mvua ni nzuri. Basi mvua za Oktoba na Novemba zinapoanza, mtu hubeba jembe lake na kuvuka. Akimaliza kulima, hurudi kwake.

Wa pili ni wakimbizi waliotoka kambini. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia kwetu. Wimbi jingine lilikuja kuanzia Aprili 2015. Wakapokewa Nyarugusu wilayani Kasulu, Nduta wilayani Kibondo na Mtendeli wilayani Kakonko, kambi iliyofungwa mwaka 2021. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi apate ruhusa kabla ya kutoka nje ya eneo alilopangiwa. Lakini mgao wa chakula ulipopunguzwa, kama ilivyotokea mwaka 2017, mama mwenye watoto wanne hakuweza kuwalisha ruhusa. Alitoka alfajiri kwenda kulima kijijini ili apate debe la mihogo. Kambini alikuwa na kadi, jina na hospitali. Alipouvuka mpaka wa kambi akawa mtu asiye na hati, sawa na yule wa kwanza.

Wa tatu ni waliokaa muda mrefu. Wapo waliofika mwaka 1972, wakati wa mauaji makubwa ya Burundi, wakajitafutia mahali vijijini bila kupita katika makazi yoyote ya wakimbizi. Mwaka 2014 serikali yetu ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa mwaka huo wa 1972, jambo ambalo nchi chache sana duniani zimewahi kulifanya. Lakini vyeti hivyo viliwahusu wakazi wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, si wale waliojichanganya vijijini Kigoma. Watoto wao na wajukuu wao wamezaliwa hapa, nao hulima hapa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Ni kulima, kupalilia, kuvuna, kufyatua matofali, kuchoma mkaa, kuchunga mifugo, na kwa wasichana, kazi za ndani. Wamo pia watoto. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini mtoto anayechunga mbuzi wa jirani porini hana cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha miaka yake, na hakuna anayekwenda huko kumwuliza.

Kuna na tumbaku. Wengi wa mjini hawajui kwamba jani bichi la tumbaku lenye umande hutoa nikotini inayopenya ngozi. Mvunaji asiye na glavu wala koti la mvua huanza kusikia kizunguzungu, kisha kichefuchefu, kisha hutapika. Mwenye shamba akimtazama atasema kijana huyu ana malaria, au jana alikunywa. Kesho yake anarudishwa shambani. Huko kwenye matofali mtu hushinda pekupeku katika tope, na kama jirani hapana choo, minyoo ya safura huingia kupitia nyayo na kumnyonya damu taratibu. Mkulima aliyejikata kwa jembe hufunga kidonda kwa kitambaa na kuendelea, kumbe pepopunda iko katika udongo ule ule.

Na malipo je? Mara nyingi hulipwa mwisho wa kazi, au baada ya mavuno. Hapo ndipo penye shida kubwa. Waha na Warundi husikilizana, maana Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana. Wakati wa kulima, kibarua huitwa ndugu yangu. Wakati wa kulipa, wako wenye mashamba ambao humgeuzia jina wakamwita mhamiaji haramu, na neno likafikishwa kwa mtendaji au kwa mgambo. Kibarua hukimbia usiku, na ujira wa miezi miwili hubaki kwa mwenye shamba. Sisemi kwamba wakulima wote wa Kasulu na Kibondo hufanya hivyo. Wengi hulipa, na wengine wameishi na vibarua wao kama ndugu wa damu. Lakini mchezo huu unajulikana vijijini, na anayeucheza haogopi, kwa sababu mwenye haki hawezi kudai bila kujikamatisha. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka Sh 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo. Ipo pia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili mfanyakazi apate pa kulalamika. Kwa kibarua asiye na hati, mlango wa Tume ni sawa na mlango wa mahabusu.

Ndugu wasikilizaji, mtu anayeogopa kudai mshahara wake ataogopa pia kwenda zahanati. Katika uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017, mkoa wa Kigoma ulikuwa wa kwanza nchini, karibu mtoto mmoja katika kila wanne waliopimwa alikutwa na vimelea. Mtu analala katika kibanda cha nyasi, hana chandarua, katika mkoa wa namna hiyo. Akishikwa na homa hawazi kwanza juu ya daktari. Huwaza: nikifika nitaulizwa jina la kijiji, jina la mwenyekiti, namba ya kitambulisho. Huwaza kwamba mbele ya zahanati huketi watu, na kila mmoja ana macho na masikio. Basi humtuma mtoto wa mwenye shamba kwenye duka la dawa akamnunulie vidonge vitatu, vile ambavyo fedha yake inatosha. Homa hupungua kidogo, naye hurudi kwenye jembe. Ikipanda tena, hupelekwa hospitali akiwa amebebwa, na wakati mwingine huwa amechelewa.

Mjamzito naye hufanya hesabu hiyo hiyo. Hana kadi ya kliniki, hajapimwa damu, hajachanjwa pepopunda. Hujifungulia kibandani, na mtoto huanza maisha bila chanjo na bila karatasi, kama mama yake.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba tiba nyingine ni bure. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini mwetu, na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi pia ni bure. Serikali iliona mbali ilipoamua hivyo, kwa kuwa kumtibu mgonjwa wa kifua kikuu ni kuwakinga wote wanaovuta hewa pamoja naye. Lakini tiba ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Kibarua aliyeanza dozi akasikia kuna msako huhama usiku bila kuaga. Dozi hukatika mwezi wa pili, na vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu kwa dawa. Vikiwa sugu, havitamtafuta Mrundi mwenzake. Vitamkuta mtoto wa Muha aliyelala nyumba ya pili, dereva wa lori la maharage, na mwisho wa safari vitakukuta wewe katika daladala ya Mbagala. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Tofauti ni kwamba hapa aliyemlazimisha mgonjwa kuficha maradhi ni sisi.

Mifano hatuna haja ya kuitafuta mbali. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walifurika katika kijiji kidogo cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo milima inashuka hadi majini na njia kubwa ya kutokea ni ziwani. Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 ya mwezi huo watu 31 walikuwa wamekwisha fariki, na wawili kati yao walikuwa Watanzania. Meli ya MV Liemba ilikwenda na kurudi kuwabeba watu hao hadi Kigoma mjini. Waganga walifanya kazi usiku na mchana, maji safi na chanjo vikaletwa, na ugonjwa ukadhibitiwa. Hakuna aliyesema kwanza tukague hati kisha tugawe maji ya chumvi na sukari. Hekima ile ya Kagunga ndiyo inayotakiwa siku za kawaida pia, wakati hakuna kamera wala wageni kutoka Geneva.

Na Januari 2025 tulitangaziwa ugonjwa wa Marburg huko Biharamulo, mkoani Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma. Ugonjwa wa namna hiyo huzuiwa kwa njia moja kubwa: kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa, kwa jina na kwa nyumba, na kumwangalia kwa siku 21. Je, siku ugonjwa kama huo ukimpata kibarua asiye na jina katika shamba lisilojulikana, waganga wetu wataanzia wapi? Mtu ambaye tumemfundisha kujificha atakuwa amejificha kwelikweli.

Wapo watakaosema kwamba mimi nautetea uvunjaji wa sheria. La hasha. Nchi isiyolinda mpaka wake si nchi. Watu wa Kigoma wanakumbuka miaka ya tisini, bunduki zilipopita mpakani na ujambazi ukawafanya watu walale kwa hofu. Serikali ilifanya misako. Mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi liliwakusanya Warundi waliokuwa vijijini na kuwapeleka makambini, wakiwamo waliokuwa wamekaa miaka mingi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Lakini baada ya kila msako mvua zilinyesha tena, na vibarua wakaja tena, kwa sababu sisi wenyewe tuliwaita. Sheria inamwadhibu anayeajiriwa bila kibali na anayemwajiri pia. Hata hivyo katika karandinga huonekana zaidi mwenye jembe kuliko mwenye shamba.

Wengine watasema kwamba wageni hawa wanawanyang'anya kazi vijana wetu. Tulipime hilo kwa makini. Kinachomwumiza kijana wa Kasulu ni ule ujira ambao mtu mwenye hofu hawezi kuukataa. Palipo na mtu asiyeweza kusema hapana, bei ya jembe hushuka kwa wote, na kijana wetu akidai zaidi huambiwa aondoke, wapo wengine. Siku yule mgeni atakapoweza kudai haki yake bila kuogopa, ndipo kijana wetu naye atakapolipwa vizuri.

Tena tusisahau tulikotoka. Mpaka huu ulichorwa na wengine. Wabelgiji waliishika Kigoma kuanzia mwaka 1916 hadi 1921, kisha wakaiachia Uingereza, na Waha wakabaki upande huu, majirani zao upande ule. Katika enzi hiyo ya Mwingereza, Waha wenyewe ndio waliokuwa vibarua wa mbali. Kasulu na Kibondo zilitoa manamba wengi waliokwenda kukata mkonge Tanga, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao, SILABU, iliyowatafuta na kuwasafirisha. Kazi ilikuwa ngumu na malipo yalikuwa duni, na katika miji ya pwani Muha alichekwa kwa lugha yake na nguo zake. Lakini hata bepari yule wa mkonge alimpima afya kibarua kabla ya kumpandisha treni, na alimpa kadi ya kipande ya kuhesabia siku alizofanya kazi. Hakufanya hivyo kwa huruma, alifanya kwa faida yake. Basi sisi tuliojitawala, tunaojiita Waafrika ndugu, tushindwe hata na hesabu ya bepari?

Na mpaka hadi leo unamsumbua Muha mwenyewe. Wananchi wa vijiji vya mpakani wamelalamika mara nyingi kwamba wakiomba kitambulisho cha taifa huhojiwa kama wageni, kwa kuwa majina yao na matamshi yao yanafanana na ya ng'ambo. Mahali ambapo asiye na karatasi hana haki, raia aliyepoteza karatasi naye yuko hatarini.

Tufanye nini basi? Mimi naona mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, kiwepo kibali cha msimu cha kazi za shamba, kitolewe mpakani, pale Mabamba na Manyovu, kwa ada ndogo, kwa jina na picha, kwa miezi maalumu. Raia wa Burundi hahitaji viza kuingia kwetu, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Lakini kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aombe kibali cha kazi, na aonyeshe mpango wa kumfundisha Mtanzania atakayerithi kazi hiyo. Ni sheria nzuri kwa mhandisi na mhasibu. Nani ataandika mpango wa urithi kwa mtu anayepalilia eka mbili za maharage kwa wiki tatu? Kibali cha msimu kitaisaidia na Idara ya Uhamiaji, maana itajua nani yumo, yuko kwa nani, na atatoka lini.

La pili, zahanati iwe mahali pa kutibiwa tu. Mganga asifanywe askari, na askari asimngojee mgonjwa mlangoni. Hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka pale Nduta, iliyoanza mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi, iliwatibu na wanakijiji wa jirani bila kuwaambia kwamba wao si wakimbizi. Kama sisi tulitibiwa katika hospitali ya wageni, mgeni naye atibiwe katika hospitali yetu.

La tatu, anayerudishwa kwao alipwe kwanza. Mtendaji wa kijiji, kabla ya kumkabidhi mtu kwa Uhamiaji, amwulize swali moja: ulikuwa ukifanya kazi kwa nani, na unadai kiasi gani? Mwenye shamba aitwe, fedha zitolewe mbele ya watu, ndipo safari ianze. Siku mchezo wa kulima bure utakapokwisha, hata hamu ya kuwaita watu wasio na hati itapungua.

Wewe mwenye shamba unayenisikiliza Heru Juu, Makere au Kifura, usiingoje serikali. Nunua chandarua kimoja na jozi ya mabuti. Chimba choo karibu na kibanda. Kibarua wako akikohoa kupita wiki mbili, fuatana naye wewe mwenyewe hadi zahanati, maana wewe ndiye unayefahamika pale, na maneno yako mawili yatamfungulia mlango. Wahenga hao hao walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu amekwisha kuja, na ghala lako limejaa kwa jasho lake. Mwangalie na yeye apone.